Mluzi wa Kunyweshea Ng'ombe

Mwangaluka babu,

Ulicheka niliposema tunakwenda kulala kwenye mahema huku Lamadi, msituni kando ya ziwa. Ukasema nimewakimbia ng'ombe wako wa Nkoma ili nikalale nje kama mchungaji. Basi leo asubuhi ng'ombe wamenifuata. Kundi zima lilikuja kunywa maji likapita katikati ya mahema, na dume mmoja akawa anatafuna taulo langu. Walimu wenzangu walijifungia ndani wakiniita, eti Msukuma ni mimi.

Nikapiga ule mluzi wako wa kunyweshea. Ng'ombe wakateremka wote wakanywa kwa adabu, nami nikapigiwa makofi. Walipomaliza wakanizunguka, wakingoja mluzi wa kuondoka. Huo siujui, babu. Ulipokuwa ukiufundisha, mimi nilikuwa nimeshatangulia nyumbani kula.

Mwenye ng'ombe alipofika aliuliza ni mzee gani aliyenifundisha nusu nusu. Nikamtajia jina lako, aibu iwe yako.

Msalimie bibi. Nakuombea mgongo upoe, maana nikirudi somo tunalianza upya, na sitatangulia kula.

Mjukuu wako,
Shija