Kitanda Kimeongezewa Ubao

Kolwezi, Manika

Mudogo wangu Béatrice,

Natangaza rasmi, na mama akae vizuri kwenye kiti ili asikie: kitanda cha yaya wako, huyu kaka yako mrefu, kimeongezewa ubao! Fundi alinipima mpaka akachoka, akauliza, "Tata, balikuzala ao balikupanda kama muti?" Sasa miguu yangu nayo inalala kitandani. Miaka yote ilikuwa inalala hewani kama ya mgeni asiyetakiwa.

Muko namna gani huko Musumba? Mihogo imekauka? Mama angali anagomba? Akigomba, njo kusema yu mzima. Salimia bwana yako mwalimu, mwambie vumbi la chaki lisimpeleke kaburini mbele yetu. Salimia batoto, hasa ule wa kwanza anayejivuna eti amenipita kimo.

Mpaka hapa, somea mama kwa sauti. Kuanzia hapa, soma peke yako.

Uliandika kwamba una kivimbe kwenye titi, hakiumi, na huogopi kwa sababu huko hakuna mgodi. Niliona haya, Béa. Ule uongo ni wangu. Mi njo niliyewaambia nimelazwa kwa vumbi la mgodi kifuani. Vumbi lipo, tunalila na bukari kila siku, lakini si lenyewe. Ni kansa ya titi. Ndiyo, mi mwanaume. Niligusa kitu kigumu kama punje ya mahindi, nikanyamaza karibu mwaka mzima, nikiogopa wenzangu wa ofisi ya mgodi wataniita mama. Walipokata titi la kushoto, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwapani.

Munganga wa hospitali ni mama mmoja mfupi, ananifika kwenye mfuko wa shati. Aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamtaja shangazi, dada ya tata, aliyekufa na kidonda cha titi, sisi tukasema amelogwa.

"Alikuwa murefu vile?"

"Kama mi."

"Burefu haiko bugonjwa, tata. Barefu wengi banazeeka muzuri. Lakini mutu anapokea kwa bazazi maagizo ya kukuza mwili, na mengine ya yale maagizo yanaweza kusaidia kivimbe nacho kikue. Tena kwenu kuko shangazi, sasa kuko wewe. Uko na dada?"

"Mumoja. Lakini anaikala mbali na mugodi."

Akaweka kalamu chini. "Sikukuuliza mambo ya mugodi."

Kitanda sikukirefusha kwa starehe. Ile ya miguu hewani ni mzaha wa kumchekesha mama; zamani nilijikunja, nikalalia upande wa kushoto, nikatosha. Sasa upande ule haulaliki. Nalala chali, mchana na usiku, nimenyooka kama nilivyo. Walichokata kwangu kilichelewa mwaka mmoja, na mwaka ule niliupoteza mwenyewe.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Kolwezi na lori lake. Panda naye, uje yule munganga akupime. Kitanda kitakutosha, mi nitalala chini.

Yaya wako muongo,
Kapend