Matandazo na Matandiko

Westlands, 9 Agosti 2004

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa na nyote hamjambo. Mimi mwili u salama. Barua hii nampa Thuo wa maziwa akuletee, maana kuja mwenyewe naona haya.

Alhamisi sikujua tunakuja kwako hadi gari lilipokata kona ya Kinoo. Wenzangu wa ofisini niliwadanganya zamani kwamba mama yangu ni mwalimu mstaafu. Kwa hiyo nilikupa mkono kama mgeni, nikaanza kusoma maswali yetu ya utunzaji wa udongo. Uliniangalia kidogo tu, ukaniita madam. Nilipouliza kama unajua matandazo, ukajibu, "Blanketi ninazo mbili, zinatosha." Ulisikia matandiko. Macharia, mkubwa wangu, akacheka. Nami nikacheka, Mama. Kisha kwenye fomu namba kumi na saba nikaandika "Hajui", na viatu vyangu viko juu ya mabua ya mahindi uliyotandaza mwenyewe shambani.

Nisamehe.

Binti yako,
Mwihaki

Kinoo, 15 Agosti 2004

Mwanangu Mwihaki,

Salamu nyingi. Goti ni la uzee, halina habari mpya. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Kicheko nilikusamehe kabla gari halijatoka langoni. Kilichoniuma ni uji. Nilikuwekea kwenye kile kikombe chako cha bluu, ukasema umeshiba.

Sasa hilo neno lenu. Sisi husema kufunika shamba, basi. Baba yako ndiye aliyenionyesha, mwaka ule mvua ilipobeba udongo wetu hadi barabarani. Udongo ukiachwa uchi, jua huuchoma na mvua huuiba. Nimefunika miaka ishirini na sita. Jirani yangu Nakhumicha naye hufunika, na amekiri kwamba alipoulizwa alijibu mambo ya shuka. Wangapi wengine wamejibu hivyo? Rekebisha hizo karatasi. Yangu si kitu, lakini msiwaandike watu kuwa wajinga kwa sababu ya neno.

Mama yako

Westlands, 4 Septemba 2004

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani, na ndama anaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikuwa na la kujivunia.

Ripoti ilisomwa jana huko mjini. Fomu sitini, na arobaini na moja zimeandikwa "Hajui". Macharia aliwaambia wageni waliokuja kuisikiliza kwamba wakulima wetu hawajui lolote kuhusu udongo wao. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Nilitaka kusimama niseme. Nikanywa chai.

Sasa nimetumwa mimi kuwafundisha matandazo, Jumamosi ijayo, katika ukumbi wa kanisa lenu, na Macharia atakuwepo. Nakuomba, Mama, usije. Sitaweza kukutazama.

Mwanao,
Mwihaki

Kinoo, 7 Septemba 2004

Mwihaki,

Ndama hajambo, ananyonya vizuri.

Nitakuja. Nimewaambia na wenzangu waje, kila mtu na mzigo wa anachofunikia shamba lake, mabua, majani ya migomba, chochote. Nitakaa kiti cha mbele. Uji nitaubeba kwenye chupa, na kile kikombe.

Uniulize swali lile lile mbele ya huyo Macharia, nami nitajibu sawasawa. Lakini kabla ya kuuliza, uniite kwanza. Usiniite mkulima namba kumi na saba. Jina langu unalijua.

Mama