Bendera Kwenye Migomba

Kambi ya Duluti, 12 Januari 1912

Mwanangu Eunike,

Mimi mzima, mgongo tu. Wewe mzima? Bibi anakula? Kifua chake je?

Kazi yetu kupanda vilima. Nabeba sanduku la vioo vya picha. Bwana Mpima anasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, anapiga. Tunashuka, tunapanda kilima kingine, anapiga nchi ile ile. Nikamuuliza mnyapara wetu Loserian, mbona mara mbili? Akasema, "Sumari, funga jicho moja, tazama mgomba na mlima nyuma yake. Haya, fungua hilo, funga la pili."

Mgomba ukaruka. Mlima haukuruka. Kinachoruka sana kiko karibu, kinachoruka kidogo kiko mbali. Vilima viwili ndiyo macho mawili ya Bwana. Anapima mruko, anachora ramani, na kwetu hajatia mguu.

Sasa sikia. Kisichoonekana toka vilima vyote viwili hakichorwi. Mimi nimetazama kote. Kwetu naona migomba tu, kama msitu. Nyumba hakuna. Na Boma wanasema pasipo nyumba kwenye ramani ni pori, anapewa mzungu alime.

Kateni migomba ya mbele. Wingu likiinuka, anapiga.

Baba yako

Nyumbani, 17 Januari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Bibi anakohoa asubuhi, jioni anagombana na kila mtu, kwa hiyo hajambo. Pole na mgongo.

Nilimsomea barua. Akasema, "Migomba hii nilimkuta mama mkwe anaipalilia. Niikate ili mzungu anione? Kama ana haja na mimi aje, nipo." Akachukua panga akalikalia. Nami sikuwa na nguvu ya kubishana, maana kaburi la mama limo humo humo, hapo mteremkoni chini ya nyumba, na kivuli chake ni migomba hiyo.

Basi nimefanya hivi. Nimetafuta mti mrefu kupita migomba, nikafunga shuka jeupe juu, nikausimika mlangoni. Mtaona tu.

Mwanao Eunike

Kambini, 2 Februari

Mwanangu,

Salamu. Homa ilinishika, imeniacha. Bibi mpe pole.

Bendera imeonekana. Vilima vyote viwili. Bwana alifurahi mpaka akapiga makofi. Watu wake huweka bendera nyeupe za kupimia kila mahali, akadhani na hiyo ni yake. Nikamwambia, "Bwana, pale ni kwangu. Kuna nyumba." Akasema, "Nyumba siioni. Bendera naiona."

Ameichora. Nyumba hakuichora. Na mpaka wa shamba la mzungu umepitishwa hapo hapo kwenye bendera. Juu yake kwetu, chini yake kwa mzungu. Mama yako yuko chini.

Nimeongea nimechoka. Bwana hataki kusikia, vioo vimekwisha, anataka kwenda pwani.

Jumatatu Loserian anakuja kusimika jiwe la mpaka penye mti. Bwana haji. Mimi naachwa kulinda vioo vilivyokwisha pigwa. Ng'oeni mti kabla hawajafika. Mkausimike upande wa chini wa kaburi. Shimo la zamani fukieni, mkanyage. Ramani ibaki na yake, mwenye kulima atafuata jiwe.

Barua hii choma.

Baba yako

Nyumbani, 8 Februari

Baba, shikamoo.

Tu wazima, mikono ina malengelenge.

Tuliuhamisha mti Jumapili, watu wakiwa kanisani. Bibi alishika upande mzito, hakukubali nimpokee.

Loserian alikuja na jiwe na watu wawili. Akatazama mti. Akatazama mlangoni, udongo bado mbichi. Akasema, "Bibi, mti huu umetembea."

Bibi akamjibu, "Hata mimi nilitembea, ndiyo nikafika hapa. Mbona hukuniuliza?"

Wale wawili wakacheka. Loserian hakucheka. Aliliona kaburi, akasimama kidogo. Halafu akawaambia, "Chimbeni hapo hapo penye mti. Jua kali."

Mama yuko kwetu, baba. Lakini migomba yote chini ya jiwe imekwenda kwa mzungu. Bado hajaja, kwa hiyo tumekata mikungu yote, mibichi na iliyokomaa, nyumba imejaa hatuna pa kulala. Tunakula ndizi asubuhi, ndizi jioni. Bibi anasema hatamwachia hata moja.

Kazi ikiisha usipitie mjini. Njoo ule.

Mwanao Eunike