Shujaa wa Kulipiwa Mara ya Pili

Baba Neema,

Nimekwenda Sirari kumwona dada Everlyne, nitarudi jioni. Ugali na dagaa nimefunika jikoni.

Gemu jipya ulilonunua jana limezua maneno asubuhi ukiwa sokoni. Heche, yule mteja wetu, alipita kwenye kibanda chetu cha gemu kabla ya kwenda machimboni, akamchagua yule shujaa wa mkuki aliyechorwa kwenye kava. Runinga ikaandika kwamba huyo analipiwa tena, juu ya bei ya gemu. "Mama Neema," akafoka, "mtu akuuzie ng'ombe, mkia abaki nao?" Nikakutetea kwa maneno yako mwenyewe, kwamba waliolitengeneza nao wanahitaji kula. Lakini moyoni nilikuwa upande wake.

Basi Neema akamchagua yule mzee wa bure aliyemo kwenye gemu, ambaye hakuna anayemtaka, akamtandika Heche kila raundi. Heche alicheka mpaka akakaa chini.

~~Ukipenda, mlipie huyo shujaa.~~ Usimlipie, tulishamnunua pamoja na gemu. Wakitengeneza kitu kipya baadaye, hicho tutalipia kwa roho safi. Heche anarudi mchana na wenzake wa shimoni, wote wanataka kupambana na binti yako. Hakikisha amekula kwanza; hataki kuacha gemu ale, mimi ameshanishinda.

Mama Neema