Sindano, Aliyewaitikia Wenzake Tisa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoivua aproni yako ya ngozi, ukaitundika mwenyewe na kusema unakwenda hospitali mara moja na kurudi. Aproni iko palepale. Hakuna mwenye moyo wa kuishusha.

Mtaa mzima ulikujua kwa viatu. Mtu alikuletea kiatu kilichokata tamaa, unakigeuzageuza, unamwambia, "Hiki hakitaki fundi, kinataka kuzikwa," kisha unakishona hivyohivyo. Misumari uliibana mdomoni na kuzungumza nayo humohumo. Mama alikugombeza kila siku ya Mungu, nawe ukamwitikia "mm" na kuendelea kugonga.

Lakini kabla ya kufungua karakana ulisimama kwanza nyuma ya mlango, wima, visigino pamoja. Mlangoni pale ulikuwa umeandika kwa penseli majina tisa, na si yale waliyopewa na mama zao. Yalikuwa majina ya kambini. Ulimwita mmoja mmoja, na kila mmoja ukamjibia wewe: "Yupo." Mwisho ulijiita mwenyewe, Sindano, ukasema, "Nipo." Tulipokuwa wadogo tuliitikia pamoja nawe huku tukicheka, tukidhani ni mchezo. Hukutukataza.

Ulitueleza mara moja tu. Mlikuwa askari kumi. Siku ile lori liliondoka na tisa, wewe ukaachwa kambini umalizie kugongea soli buti la afisa. Hawakufika hata darajani. Bomu lililofukiwa njiani liliwamaliza wote. Mlipuko uliusikia ukiwa na nyundo mkononi.

"Hawana hata kaburi la kueleweka," ulisema. "Nisipowaita mimi, atawaita nani?"

Mama akasema chai inapoa.

Kule wodini, siku yako ya mwisho ya kuzungumza, ulinishika mkono mimi, binti yako mkubwa. "Yashike majina," ukaniambia. Nikakujibu, "Baba, si yapo mlangoni? Wewe pumzika." Ukasema, "Basi ulinde mlango." Nikasema, haya, Baba.

Ulipofariki, watu walijaa nyumbani. Hatukutaka kukuaibisha. Mimi ndiye niliyesema karakana ipakwe rangi, kuta na mlango, ili wageni wapate pa kukaa, na mdogo wangu aliipaka mara mbili, vizuri kama ulivyomfundisha. Siku ya tatu Mama alikwenda kusimama pale asubuhi badala yako. Alirudi, akaketi, akauliza, "Mlango mmeufanya nini?"

Tulikwangua kwa msasa, kisha kwa kucha. Rangi ilitoka na penseli ikatoka nayo. Maji yakimwagika hayazoleki, ulipenda kusema, ila wewe ulisema hivyo juu ya gundi.

Tukaketi wote, tukakumbushana. Chumvi. Redio. Bwana Harusi. Kobe. Padri. Mrefu, ambaye ulituambia alikuwa mfupi. Shangazi, aliyewagombeza kwa kuacha vyombo vichafu. Saba. Wa nne hayupo, na wa nane hayupo. Mama anakumbuka kwamba ukimfikia wa nne ulitabasamu, kila asubuhi, miaka yote ya ndoa yenu. Tabasamu analikumbuka. Jina halimjii.

Nilikwenda ofisi ya askari wastaafu. Karani alitaka majina kamili na namba za jeshi. Nikamwambia ninachotafuta ni majina mawili ya utani. Aliweka kalamu chini, akanipa pole, nami nikalia mbele yake bila haya.

Baba, hatuna faraja ya kukuletea. Wewe uliwatunza tisa kwa miaka arobaini na mitatu. Sisi tumepoteza wawili katika siku tatu, nyumbani kwetu, pasipo vita. Wamekufa tena, na safari hii tumewaua sisi. Mdogo wangu hajashika brashi tangu siku ile, ingawa kosa lilikuwa langu.

Mlango una mabaka, tumeuacha hivyo. Kila asubuhi tunawaita saba. Tukifika nafasi ya nne tunanyamaza, na Mama peke yake husema, "Yupo," kwa sauti ndogo. Ya nane vilevile. Kisha tunakuita wewe, Sindano, na wewe tunakujibia.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anamimina vikombe viwili. Nami binti yako mkubwa. Mdogo wangu, aliyerithi nyundo yako. Kitinda mimba wetu, anayepiga simu asubuhi ili aitikie pamoja nasi. Wakwe zako, wajukuu zako, na wote wanaotembea mtaani kwa soli zako.

Wewe tutakukumbuka daima. Namba nne na namba nane tungetamani kuwaambia hivyohivyo, lakini hatujui tuwaite nani.