Unyayo wa Arisleida

Santurce, San Juan
Jumapili, 12 Januari 1997

Kwako mdogo wangu Milqueya,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima. Kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na goti la mtu anayecheza jukwaani si habari mpya.

Nina neno rohoni tangu Jumapili iliyopita nilipopiga simu. Mwanangu Arisleida alikuwa ananisimulia mambo ya shule, anacheka, "Ndiyo mama, nakukumbuka sana mama." Kisha akasahau kufunika simu kwa mkono, akapaza sauti: "Mama, chumvi iko wapi?" Hakuwa akiniuliza mimi, Milqueya. Mimi niko ng'ambo ya bahari, nitajuaje chumvi ilipo?

Na kile kicheko! Nakijua. Ndicho ninachowauzia wanaume siku tano kwa wiki. Kinaanza kabla mzaha haujaisha.

Huku wamenihamishia zamu ya mchana, saa sita hadi saa moja jioni. Bosi anasema ni kwa ajili ya goti. Uongo. Ni kwa ajili ya miaka yangu thelathini na nne. Mchana wanakuja wazee, na madereva wenye chakula chao. Mimi navua sidiria, mtu anatafuna ndizi. Mzee Efraín, yule mgane niliyekueleza, alikuwa mteja wangu miaka mitatu. Alitaka kusikilizwa tu. Mkewe marehemu namjua kuliko padri aliyemzika. Sasa anakaa mezani na Yurani, Mkolombia wa miaka ishirini na mmoja. Simpendi mzee yule, sijawahi kumpenda. Lakini nilipomsikia anampa yule binti habari za mkewe, zilezile, kwa maneno yaleyale, nilikwenda chooni nikalia. Niambie wewe uliyesoma: huo ni wivu wa nini?

Basi sikiliza. Tarehe tisa Agosti mwanangu anatimiza kumi na tano, anakuwa mwanamke. Sherehe ni yangu, kuanzia keki hadi wapiga muziki. Na wakati ule wa kumvua viatu vya kitoto mbele ya watu na kumvisha vya kisigino, wa kupiga magoti ni mimi. Kama sitakuwepo, abaki na vya kitoto.

Dadako,
Yudelka


San Pedro
16 Februari 1997

Dada Yudelka, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, kimeniachia sauti ya jogoo mzee. Arisleida mzima, anakula kama fundi wa ujenzi. Goti lako likande kwa maji ya chumvi, usilionee aibu.

Ulinifundisha kuhesabu kwa punje za maharage, basi acha nihesabu. Uliondoka tarehe kumi na nne Septemba tisini na moja. Hadi leo ni asubuhi elfu moja mia tisa themanini na mbili, na kila asubuhi kichwa kile nimekichana mimi. Tetekuwanga, mimi. Damu yake ya kwanza, mimi, tena alidhani anakufa. Akiniita mama ni kama anavyopiga chafya. Hapangi.

Na kwa kuwa umekitaja kicheko, nitasema. Nimemfundisha mimi. Kila Jumapili kabla simu haijalia namwambia: "Cheka, mama yako amechoka. Mabaya usimwambie. Mwambie unamkumbuka." Nilidhani nakupa zawadi.

Maana mabaya yapo, dada. Dorka wa kona alirudi kutoka San Juan mwezi wa Desemba, akaketi saluni akatangaza kazi yako. Kesho yake shuleni msichana mmoja kapanda juu ya dawati, anazungusha kiuno: "Mimi ni nani? Mimi ni mama yake Arisleida!" Mwanao akamng'oa shungi la nywele. Nikaitwa. Mkuu wa shule ananiuliza, "Ni kweli anayosikia huyu mtoto?" Nikamjibu, "Mama yake anafanya kazi, mwalimu. Wewe wasiofanya umewaita?" Siku ya tatu Arisleida anaosha vyombo nyumbani, amenipa mgongo: "Wanamgusa?" Nikamwambia sijui. Wanakugusa, dada?

Na utakujaje Agosti? Ulivuka kwa mtumbwi, kibali huna. Kutoka huko hawamzuii mtu. Kurudi ndiko hakuna.

Mdogo wako,
Milqueya


Santurce
9 Machi 1997

Milqueya,

Salamu ni za Mungu, sitakunyima. Natumaini hamjambo. Najua nyumba inanukia maharage matamu ya Kwaresima na majirani wamepanga bakuli mlangoni. Mimi hapa nimekula mkate.

Umemfundisha mwanangu kazi yangu. Ndivyo ulivyofanya. Mtu analeta hela, unamwekea uso wa furaha, mabaya unayameza, wimbo ukiisha unaweka simu chini. Miaka mitano nimejiambia: huku nawadanganya watu, lakini Jumapili yupo mtu mmoja asiyenidanganya. Kumbe nilikuwa mteja!

Wanagusa? Begani. Kiunoni wakijisahau, na mlinzi anakohoa. Mwambie hivyohivyo, usipunguze. Lakini mwambie pia kwamba mikono haichoshi. Kinachochosha ni uso. Juzi karani wa posta kaniambia stempu zimekwisha, nami nikamlegezea shingo na kumtabasamia kama yuko meza ya mbele. Sikuutuma uso, ulikwenda wenyewe. Nikirudi chumbani najifunika taulo la maji baridi nusu saa, nangoja uso wangu urudi. Mwaka Mpya mwenye nyumba alinikumbatia kwa nia njema, mwanamke mzee wa watu. Nilihesabu hadi saba ndipo akaniachia. Ngozi yangu haijui tena anayeinunua na anayeisalimia.

Kuanzia sasa aniambie mabaya. Hiyo ni amri. Na viatu nitanunua mimi, hapa, dukani kwa heshima. Mchoree unyayo kwenye karatasi, mguu wa kulia, asimame wima, uitie kwenye bahasha.

Yudelka, mama yake


San Pedro
20 Aprili 1997

Dada, shikamoo. Sisi wazima, mvua imetuharibia ndizi mbili tu.

Karatasi hii hapa. Alisimama wima, nikazungushia penseli.

Nimemwambia aseme mabaya. Jumapili iliyopita akanyamaza dakika nne nzima, nawe ukakata simu kwa hasira. Mabaya yenyewe ndiyo hayo: hajui akuambie nini. Alibaki ameishika ile simu kama anaipima uzito. Usimkatie tena.

Milqueya


Santurce
11 Mei 1997

Milqueya,

Nakusalimu kwa sababu tulilala kitanda kimoja miaka kumi na minne. Leo huku ni Siku ya Mama. Kwenu bado wiki mbili. Jana meneja alitugawia kila mmoja ua la plastiki. Tuko wachezaji kumi na wanne. Kumi na mmoja tuna watoto, na watoto wetu wote wanalelewa na watu wengine. Yurani akanichokoza: "Bibi, lako linuse vizuri, mwakani hupewi." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, si ndiyo kazi.

Nikarudi nikaipima karatasi yako kwa rula. Sentimita ishirini na tano na nusu. Unanifanya mjinga? Huo mguu ni wako! Naujua tangu tulipopokezana viatu vya kanisani, na wewe ndiwe uliyevipasua. Ungetaka viatu ungeomba. Unalala katika nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali, umelichukua jina langu kinywani mwa mtoto, sasa hata kisigino cha siku yake unataka kikuenee wewe? Mguu wa mwanangu nimeuosha kwa mikono hii. Uliingia wote kiganjani.

Kwa hiyo nimepiga hesabu yangu. Alipokuwa na miaka tisa alivaa namba tatu. Nimemwongezea tatu za kukua: namba sita. Vyeupe, kisigino cha vidole vinne, na kishikizo cha lulu. Vinakuja na mzigo wa Juni.

Hukuzaa, Milqueya. Asiyezaa huchukua cha mwenziwe akakiita malezi.

Yudelka


San Pedro
22 Juni 1997

Kwa Yudelka.

Shikamoo. Hatujambo. Nimekaa wiki sita bila kukujibu na ningeweza kukaa sita nyingine, lakini mzigo umefika juzi na kuna jambo lazima ulijue.

Nilimpa Arisleida boksi bila kulifungua. Akakaa kitandani, akatoa kimoja.

"Mama, hakiingii."

"Sukuma."

"Nimesukuma. Hukumtumia ile karatasi?"

"Nilimtumia."

"Sasa mbona?"

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ningemsomea mistari mitatu tu, dada, ningekuwa nimekushinda maisha yote. Mkono ulikwisha kuingia mfukoni. Nikasema dukani wamekosea.

Akatikisa kichwa. "Hawajakosea. Anadhani bado nina miaka tisa."

Basi nikadhani atakitupa. Hakukitupa. Alikaa chini, vidole vyote amevikunja ndani ya kiatu kile, kisigino kinaning'inia nje, hadi mguu ukawa mwekundu. Nikamwambia toa, utajiumiza, nikatoka. Akasema, "Labda kitalegea. Mama asijue, atahuzunika." Na hakusema kwa ile sauti ya simu. Alikuwa anajiambia mwenyewe, mimi nilikuwa nimeshatoka, nimesimama nyuma ya pazia.

Anavaa namba tisa. Ni mguu wangu, naam, na wangu ni wa baba. Damu haikuomba ruhusa.

Kuhusu kuzaa. Nilizaa mara mbili kabla ya miezi kutimia. Wa kwanza ulikuwepo. Sitalirudia neno hili.

Na ujue si wewe peke yako mwenye wivu. Kila akipita mbele ya kioo anasimama, anageuza bega, anatembea kama wewe. Nani kamfundisha? Mimi natembea kama bata. Namwona anavyopita, najua nalea mtu ambaye siku moja utakuja kumchukua kwa kupita tu mlangoni.

Milqueya


Santurce
Jumapili, 20 Julai 1997

Mdogo wangu Milqueya,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kama inakukuta na hasira, una haki nayo.

Nilipoisoma yako niliitafuta ile karatasi, nikailaza sakafuni, nikaweka mguu wangu juu yake. Ulibaki na nafasi mbele na nyuma. Mwanangu ana unyayo mkubwa kuliko wangu. Nilisimama pale na mguu mmoja, kama kuku wa mvuani, hadi goti likakataa.

Wa kwanza alikuwa wa kiume. Nilimfunga mimi kwa taulo la kijani, ukaniomba nisimfunike uso. Nilikumbuka hayo wakati naandika lile neno, na bado nikaliandika. Nisamehe. Sina namna ya kulipamba.

Nimepiga hesabu ya kuja, mara nne. Zote zinasema baki. Kibali sina, nikitoka nimetoka. Chumba cha nyuma huko kwetu hakina paa. Kwa zamu ya mchana ningeweza kusukuma miaka miwili zaidi. Kisha Jumatano nilicheza nyimbo tisa na sikusikia hata mmoja. Nilikuwa nawaza kidole gumba chake ndani ya kile kiatu. Mzee Efraín alikuwepo, Yurani hakuja kazini, akaniita mezani kwake kama zamani. Akaanza: "Mke wangu, siku ya harusi..." Nikamwambia, "Mzee, hiyo nimeisikia." Miaka mitatu, hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililompa. Nikavaa gauni langu, nikaenda kwa bosi, nikaacha kazi.

Yurani alikuja kuniaga. "Bibi, utarudi tu." Nikamwambia, "Kwa mtumbwi gani, mjukuu?" Akanishika shingo akalia, nami sikuhesabu.

Nafika Alhamisi tarehe saba. Viatu namba tisa ninavyo mkononi. Mwambie nakuja, na usimwambie acheke. Kitanda kilicho karibu na chake ni chako, usiondoke. Nitalala jikoni hadi tutakapoezeka. Na nikikosa mahali chumvi ilipo, nitakuuliza wewe.

Sasa la viatu. Nilisema wa kupiga magoti ni mimi. Nalitaka bado, nalitaka hadi meno yananiuma. Lakini mguu nisioujua namba yake siwezi kuushika mbele ya watu nikajifanya ni wangu. Kujifanya nimekuacha huku. Mvishe wewe. Mimi nitakaa safu ya kwanza. Usitegemee nitabasamu, Milqueya. Nitakuwa na wivu usoni, wazi, kila mtu auone. Kama Dorka au yeyote atauliza huyu mwanamke aliyenuna ni nani, usimjibu. Mwache Arisleida ajibu.

Dadako,
Yudelka