Achia Mgeni

Jumapili, 7 Septemba 2025

Duka limefungwa. Baba amelala baada ya chakula cha mchana. Nimefungua laptopu ya kaka yangu Nimesh kwa mara ya kwanza tangu afariki Machi. Miezi sita. Juu ya mfuniko bado ipo alama ya duara ya kikombe chake cha chai, sijaifuta.

Nimeingia kwenye Kibanja. Programu yake, mtoto wake. Mkulima akiona mgomba umeshikwa na mnyauko anaandika kwenye simu, majirani wanajua ugonjwa umefika wapi. Ni programu huria — hilo aliniimbia kila siku mezani. Mlango wazi, Ekta, yeyote aingie, aone ilivyoandikwa, atengeneze. Mlango wazi kweli! Tangu afariki hajaingia mtu. Walikuwa tisa, wa Kampala, wa Nairobi, mmoja wa Ureno. Walituma pole, kisha kimya.

Na uchafu uliomo. Makosa kumi na manne, madogo madogo, yamekaa tu. Kitufe cha kutuma kimefunikwa nusu. Ukurasa wa mvua unaruka Novemba. Kishanda ya kule Muleba haimo kabisa kwenye orodha ya maeneo. Na yote ameyabandika lebo moja: ACHIA MGENI. Yaani kazi za nyumbani kwake zikafanywe na wageni! Mvivu wangu. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta Mwanza, yeye alijifunzia jikoni, na inaonekana.

Nimeyamaliza yote kumi na manne kabla Baba hajaamka. Kishanda peke yake dakika mbili. Leo ndiyo siku ya kwanza sijalia.

Jumatano, 10 Septemba

Ujumbe kwenye Kibanja! Wa kwanza tangu Machi. Nimeacha mteja na bawaba zake mkononi nikausome.

Anaitwa Annastella, wa Kishanda. Anasema mwezi wa pili Nimesh alifika kwao, akamwonyesha pa kuanzia. Amejifunza mwenyewe, kwa laptopu ya kuazima parokiani, siku mbili kwa wiki. Wiki tatu amehangaika kuiweka Kishanda kwenye orodha. Leo amekwenda Muleba kwenye mtandao mzuri ili aitume, akakuta imeshawekwa Jumapili. Anaomba radhi kwa usumbufu.

Anaomba radhi yeye.

Nimemjibu haraka, kwa furaha kabisa: karibu sana, usijali, kazi imeshafanyika! Nikarudi kwenye bawaba.

Alhamisi, 11 Septemba

Hajajibu. Nimesoma tena nilichoandika. "Usijali, kazi imeshafanyika." Mjinga mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Jumapili nilirekebisha yale makosa bila kusoma yaliyoandikwa chini yake. Nani anasoma maelezo ya kitufe? Leo nimesoma. Nayanakili hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuyaona.

Kwenye Kishanda kaandika Februari: "Haimo, najua. Naweza kuiweka sasa hivi. Tafadhali msiiweke. Kuna mtu wa huko atakuja, atafute kwao asipaone, akasirike, apaweke mwenyewe. Akishapaweka hataondoka."

Kwenye kitufe: "Rahisi mno. Kwa mtu anayeogopa."

Kwenye mvua: "Kwa mwalimu yeyote wa jiografia. Mpeni muda."

Kumi na manne. Kila moja na mtu wake. Hakuwa mvivu. Aliwaachia watu mahali pa kukaa, nami nimepita na ufagio nikaondoa viti vyote, nikajipongeza.

Nimelia dukani mchana kweupe, mbele ya Baba. Kauliza nini. Nimesema vumbi la saruji. Kaniangalia. Mwezi uliopita aliniangalia vivyo hivyo, rakhi, ile kamba ninayomfunga kaka mkononi kila mwaka, ilipobaki mezani bila mkono wa kuifungia. Mwaka wa kwanza. Nimeshindwa kuitupa ile kamba, nimeshindwa na kuiweka mahali.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepata akili. Au nilidhani nimepata. Asubuhi nimeuharibu ukurasa wa mvua kwa makusudi, Novemba ikapotea tena, nikabandika lebo ya Nimesh. Nikamwandikia Annastella: kuna kosa hapa, wewe ndiye wa kulitengeneza, chukua muda wako.

Amejibu jioni. Mistari miwili tu. "Dada Ekta, historia ya mabadiliko inasomwa na kila mtu. Inaonyesha ukurasa ulikuwa mzima, umeuharibu wewe leo saa nne kasoro."

Uso umenichoma mpaka masikioni. Nimerudisha Novemba mahali pake. Hilo nalo limo kwenye historia.

Nikimpoteza huyu, Kibanja imekwisha. Siwezi kujibembeleza kwamba watakuja wengine. Watu wa mbali wamekwenda zao, na mimi ndizi nazijua za sokoni tu. Yeye ndiye aliyekuwa akingojwa na Nimesh — yeye hasa.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemwachia Baba kaunta. Basi kutoka Bukoba mpaka Muleba, bodaboda mpaka Kishanda. Mvua imeninyeshea njia nzima kuanzia Muleba. Sawa tu.

Kibanja chao kimepanda mteremko, migomba juu, mibuni chini yake. Annastella kanikuta njiani. Mdogo kuliko nilivyomfikiria, ishirini na tatu labda, mikono ina utomvu wa ndizi. Hakuonyesha mshangao. "Karibu dada, umelowa." Basi. Akatangulia.

Mama yake kaniletea kitambaa nijifute, kisha kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu kidogo, halafu akakaa mbele yangu akiwa na sura ya furaha hasa. Akasema, "Waitu, yule kaka yako aliyemaliza ebitoke vyangu, ndizi zote sufuriani, mbona umemwacha Bukoba?"

Nilimgeukia Annastella. Alikuwa anatazama sakafu.

Hakumwambia. Tangu Machi, alipoziona zile pole kwenye Kibanja, hakumwambia mama yake. Nimesema mimi, kwa sauti ambayo siijui: mama, Nimesh alifariki, moyo, mwezi wa tatu. Yule mama akaanza kulia kwa Kihaya, akiita jina la kaka yangu kama alivyolikamata yeye, Nimeshi, Nimeshi. Nami nikalia kwa lugha zote nilizo nazo. Msiba wa pili, kwenye nyumba ya watu aliokula kwao mara moja tu!

Baadaye, nje, Annastella kaniambia alichokuwa akisubiri. Alitaka siku ya kumwambia mama awe na kitu cha kumwonyesha. Simu mkononi, Kishanda imo, tazama mama, huyu aliyefariki ndiye aliyeniachia niiweke. Alishapanga na maneno.

Nimemwambia ni mimi, ni kosa langu, sikusoma. Samahani. Akajibu, "Nashukuru, dada. Imeshafanyika." Maneno yangu mwenyewe. Hakuyasema kwa ukali, na hapo ndipo yaliponiumiza.

Nikamwomba arudi. Akasema laptopu ameirudisha parokiani, wapo wengine wanaoihitaji. Mahindi nayo yanangoja palizi.

Wakati wa kuaga nikafungua simu, nimwonyeshe angalau ilivyo. Akaangalia ramani, akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza siku nzima. "Kitone chako kiko bondeni, dada. Kule kwenye majani, hakai mtu. Majirani walishaniuliza ni nani aliyetuhamisha." Akaninyooshea kidole kule chini. Kweli. Maji na majani matupu.

Kidole changu kilishakuwa kwenye kitufe cha kurekebisha. Nimeirudisha simu mfukoni. Sijui kama aliona.

Jumapili, 21 Septemba

Baba kaniuliza mbona sili. Nimemweleza yote, kuanzia lebo mpaka kitone. Kafikiri. "Kirekebishe basi. Si dakika mbili?"

Siwezi, Baba.

Kasema Nimesh alikuwa hivyohivyo hapa dukani. Mtu mgeni akiomba kufuli alikuwa hampi, anamwambia rafu ya tatu, tafuta mwenyewe. Baba alikuwa anagomba, tunapoteza wateja. "Walikuwa wanarudi," akasema, kisha akaenda kulala bila kuwa na usingizi.

Jumanne, 23 Septemba

Nimeandika kwenye Kibanja asubuhi hii, peupe, historia iseme: "Nimeiweka Kishanda mahali pasipo penyewe. Sikumuuliza mwenyeji. Kosa ni langu la kweli, halikupandwa. Sitaligusa." Chini yake nikabandika lebo ya Nimesh. Kisha nikaitoa. Annastella si mgeni pale. Mgeni ni mimi. Nikaandika jina lake tu.

Nikamtumia linki kwenye simu saa tatu. Sikuongeza karibu, sikuongeza usijali.

Kutwa kitone kile kinaniwasha. Nimefungua mara sita kukitazama. Mimi nisiyeweza kuacha sanduku la misumari limekaa upande! Wakulima wa Kishanda wakiandika mnyauko leo, simu itasema ugonjwa uko kwenye majani ya bondeni. Hilo nalo ni langu. Nitangoja mpaka lini? Nimesh angejua. Nimesh hakuacha maelezo ya hili.

Saa nane. Baba anapima waya kwa mteja. Simu iko kaunta, pembeni ya daftari hili. Amesoma. Alama mbili zimegeuka buluu.

Annastella anaandika.

Ameacha.

Anaandika tena. Mteja anauliza kama tuna bawaba za inchi tatu, nimemwelekeza rafu ya tatu, atafute mwenyewe.

Ameacha.